Maikrofoni Shingoni mwa Mwalimu Gichuhi

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mna bahati ya vifaa. Juzi msichana mmoja mgeni pale kwenye kituo chetu cha kupima masikio ya watoto alinipigia simu akitaka kujua kama ni kweli kwamba sisi wa zamani tulikuwa tukizunguka shuleni na mkoba mkubwa wa ngozi, kama wa daktari wa mifugo. Nikamwambia ni kweli, na mara nyingi tulidhaniwa ndio hao. Kuna mzee wa Mweiga aliyewahi kunishika mkono kabla sijafika lango la shule akanipeleka moja kwa moja hadi zizini kwake, kuna ndama alikuwa anaharisha. Nilimwangalia yule ndama kwa heshima, nikamweleza mzee kwamba mimi ni Mwalimu Wangechi, ninashughulikia masikio ya watoto. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama basi ningeweza kumwangalia ndama masikio.

Msichana huyo alicheka sana. Halafu akasema, mwalimu, tuandikie mambo kama hayo, kwa sababu chuoni tulifundishwa mashine tu. Kwa hivyo nimekaa hapa Ruring'u, kuku wameshakula, nawaandikia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtoto asiyesikia vizuri huvalishwa mashine za masikio, na wazazi wengi hudhani mambo yameishia hapo. Hayajaishia. Mashine ya sikio hukuza kila kitu: mwalimu, dawati linaloburutwa, mwenzake anayekohoa, trekta ya jirani. Mwalimu akigeuka ubaoni, sauti yake inazama katika zile kelele. Na mvua ya Aprili ikianza kupiga bati, hata mimi mwenye masikio mazima sisikii neno. Ndiyo maana kukawa na maikrofoni isiyo na waya. Mwalimu anaivaa shingoni, karibu na mdomo. Mtoto anapachikiwa kipokezi kidogo chini ya mashine yake. Sauti ya mwalimu inaruka kelele zote na kumfikia mtoto kana kwamba mwalimu amemwinamia begani.

Aliyenifundisha ni Mzee Macharia, fundi wetu wa kituo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza redio mjini Nyeri, na hadi anastaafu aliziita zile mashine redio. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza nilileta mashine ya mtoto iliyonyamaza, nikaanza kutafuta bisibisi. Akaninyang'anya kwa upole, akaiweka mezani.

"Usifungue," akasema. "Sikiza kwanza."

Kila asubuhi tulianza hivyo. Alikuwa na mrija wake wa kusikilizia, upande mmoja unauchomeka kwenye mashine na upande wa pili unauweka sikioni. Yeye alijua kwa kusikia tu kama tatizo ni nta ya sikio, ni maji au ni betri. Nta husikika kama mtu anayezungumza akiwa na mto usoni. Maji hukatakata. Betri inayokufa hunong'ona, kisha inapiga mluzi. Haya hamtayapata kwenye kitabu cha maagizo. Betri zenyewe, zile ndogo za duara, zina kibandiko. Ukishakitoa, subiri kidogo kabla ya kuifunga ndani, iachie ivute hewa. Walimu wengi waliikimbiza, wakasema betri za siku hizi ni mbovu. Na kule Mweiga mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka Aberdare na kukaa hadi saa nne, betri zikae mfukoni mwa ndani, zipate joto la mwili. Mashine nayo ikipata unyevu, usiiweke karibu na jiko. Itie kwenye mkebe wenye mchele mkavu, ufunike, uiache ilale humo. Nimesikia sasa mna vikaushio vya umeme. Sawa. Umeme ukipotea, mchele upo.

Makosa yalikuwa mengi na mengine yalitufurahisha. Shule moja tulikuwa na watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine darasa la sita, na kuna mtu alipanga maikrofoni zao kwenye chaneli moja. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa anafundisha rangi za bendera. Akamuuliza mtoto wetu rangi ya juu kabisa ni ipi. Mtoto akasimama, akajibu kwa sauti ya kujiamini kwamba ni utumbo mwembamba. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatuandama kwa simu akisema yule mtoto amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa amesoma sayansi ya darasa la sita kwa muda mzuri, na nilipomuuliza akanieleza chakula kinapita wapi na wapi kabla ya kutoka. Tangu siku hiyo Mzee Macharia alipaka kila seti rangi yake ya kucha, aliyoazima kwa binti yake, na hatukuchanganya tena.

Lakini nilipokubali kuandika, aliyenijia kichwani ni Muthoni. Ngoja niwaeleze habari yake yote, ili mjue kwamba kuna siku mashine itafanya kazi sawasawa na bado mtoto atakuwa hasikii.

Muthoni alikuwa mtoto wa Giakanja, akilelewa na bibi yake, ambaye sote tulimwita Cucu. Mama yake alikuwa akifanya kazi Nanyuki na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Muthoni alizaliwa akisikia vizuri. Alipokuwa mdogo, kabla ya kuanza shule, alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akakaa hospitali sana, na aliporudi nyumbani Cucu aliona kwamba akimwita kutoka nyuma haitiki. Kwanza alidhani ni ukaidi wa ugonjwa. Halafu siku moja sufuria likaanguka nyuma ya mtoto, na mtoto hakushtuka. Cucu aliniambia kwamba aliliokota lile sufuria, akaliangusha tena kwa makusudi, akakaa chini akalia.

Tulimpa mashine za masikio, akasoma hadi darasa la nne kwa kubahatisha, akiangalia midomo na madaftari ya wenzake. Alipoingia darasa la tano, kituo kilipata seti chache za maikrofoni, na nikapigania moja iende kwake.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa Mwalimu Gichuhi, mwalimu wa hesabu. Mtu mrefu, mwenye koti la kijivu lililojaa vumbi la chaki mabegani, na sauti ambayo watu wa sokoni walisema inawasaidia kujua saa. Aliheshimiwa sana, na watoto wake walifaulu. Nilipomwonyesha maikrofoni aliigeuzageuza kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi ya mbali.

"Madam, mimi nikiongea hata ng'ombe huko ng'ambo wanasikia," akaniambia. "Sasa hii ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba shida ya Muthoni si udogo wa sauti, ni wingi wa sauti. Nikamwambia aongee kawaida, asipige kelele, kwani atamuumiza. Nikamwonyesha swichi ya ubavuni, nikamsihi aizime kila anapotoka darasani. Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa afunge mlango. Akaivaa, akageuka kuandika ubaoni, na mgongo wake ukiwa kwetu akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, "Muthoni, saba mara nane."

Muthoni alikuwa dawati la tatu. Aliinua kichwa, akaangalia huku na huku kutafuta aliyesema karibu naye. Akamwona mwalimu amegeuka. Akaelewa. Akajibu hamsini na sita, kisha akaanza kutabasamu na hakuweza kuacha, akafunika uso kwa sweta yake. Mwalimu Gichuhi aligeuka akamwangalia. Chaki ilikaa mkononi muda mrefu kabla hajaendelea.

Muhula ule wote mambo yalienda vizuri. Nilipita mara kwa mara, nikakuta Muthoni akijibu maswali, akigombana na wenzake kama mtoto yeyote. Cucu alinipa viazi hadi nikaona haya kupokea. Muhula uliofuata ulipofika katikati, simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Gichuhi.

"Madam, ile mashine yenu imekufa. Mtoto hasikii kitu, na amerudi kuwa vile alikuwa."

Nilikwenda siku iliyofuata na mrija wangu. Nilisikiza kabla ya kufungua. Betri nzuri. Kipokezi kizuri. Maikrofoni, safi. Nilimwomba mwalimu asimame katika darasa la jirani, ukuta katikati, ahesabu polepole. Nilimsikia hesabu yote, na pumzi zake pia. Nikamvalisha Muthoni, nikamwita jina nikiwa nyuma. Akaitika. Nikafurahi, nikadhani ni waya fulani ulikuwa umelegea ukajirudia, mambo haya hutokea. Nikaondoka.

Wiki iliyofuata simu ile ile. Safari hii Muthoni alikuwa hazivai kabisa. Mashine zilikuwa ndani ya begi, zimefungwa kwa leso. Akasema zinamuumiza. Nikaangalia kile kiplastiki kinachokaa ndani ya sikio, nikatafuta jeraha kwa tochi. Masikio yalikuwa mazima. Nikabeba seti nzima hadi kituoni. Mzee Macharia, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, akaisikiliza asubuhi yote. Akanirudishia.

"Hii iko sawa," akasema. "Sasa huyo mtoto ndiye umsikize."

Nilikwenda Giakanja Jumamosi, si shuleni, nyumbani. Cucu alikuwa kwenye uga akichambua maharagwe na Muthoni akimsaidia. Nikamrudishia Muthoni mashine zake, nikavuta kigoda, nikachota maharagwe yangu kwenye ungo. Sikumuuliza kitu. Tulichambua, tukatupa mabovu na vijiwe. Niliongea na Cucu habari za maziwa na mvua. Cucu alipoingia jikoni kuangalia chai, Muthoni akasema akiwa bado anaangalia ungo:

"Mwalimu alisema mimi ninachelewesha darasa. Akasema heri nipelekwe kwa wenzangu."

Nilimuuliza alisema lini, na mbele ya nani. Akanieleza polepole. Wakati wa mapumziko yeye alikuwa chini ya mti karibu na kisima cha shule, akila. Mwalimu Gichuhi alikuwa ameingia ofisi ya walimu na maikrofoni shingoni, swichi ikiwa wazi. Muthoni alisikia vikombe, akasikia walimu wakiongea habari ya mpira, akawa anacheka peke yake kwa sababu ilikuwa kama redio. Halafu mtu akamuuliza Mwalimu Gichuhi darasa lake linaendeleaje. Na yeye akajibu kwamba darasa lingekuwa mbele kama si yule mtoto wa masikio, kwamba amechoka kurudiarudia, kwamba mtoto kama huyo ni mzigo kwa mwalimu na heri apelekwe kwa wenzake.

"Alisema mzigo," Muthoni akarudia. "Nilisikia vizuri kabisa."

Vijana, nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi, na sijawahi kujisikia vile. Sisi ndio tuliomletea sauti ile sikioni. Tuliileta safi, bila kelele, kama tulivyoahidi.

Cucu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Kumbe alikuwa anajua. Muthoni alimwambia siku ile ile, na Cucu akamwambia anyamaze. Aliogopa nikimwambia mwalimu, mwalimu atamchukia mtoto na mtoto atakosa pa kusoma. Alinishika mkono, akanisihi niseme tu mashine imeharibika na haiwezi kutengenezwa. Nilimwelewa. Nilikunywa chai yake, na nikamwambia kwamba sitaahidi. Kisha nikamuuliza Muthoni yeye anataka nini. 

"Ajue kwamba nilisikia," akasema.

Basi Jumatatu nilirudisha maikrofoni shuleni wakati watoto wametoka kucheza, nikamkuta Mwalimu Gichuhi darasani akifuta ubao. Nikamweleza yote, maneno kwa maneno. Kwanza alikasirika. Akauliza tangu lini mtoto anasikiliza mazungumzo ya watu wazima, na akasema mashine hiyo ni ya ujasusi, niichukue niende nayo. Nilimwacha aseme. Akaendelea kufuta ubao uliokuwa tayari safi. Halafu mkono ukasimama.

Aliniuliza mashine inafika mbali kiasi gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama inafika hadi chini ya ule mti ulio karibu na kisima, ambako Muthoni hupenda kukaa. Nikamwambia inafika. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa karibu kugusa kidevu, mtu mrefu vile, akabaki hivyo hadi kengele ilipolia. Niliondoka bila kujua nimefanya jema au nimeharibu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Cucu, na baadaye na mwalimu mwenyewe, na simulizi zao zililingana. Mwalimu Gichuhi alifika nyumbani kwao kwa miguu, akiwa na koti lake lile na gumbuti zilizojaa matope, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Cucu alimkaribisha ndani, akakataa. Alisema alilokuja kusema atalisema hapo ugani. Akamwomba Cucu amwite Muthoni, na amwambie avae mashine zake. Muthoni akatoka amezivaa. Mwalimu hakuwa na maikrofoni. Alisogea karibu, akachuchumaa ili mdomo wake uonekane vizuri.

"Nilisema yale maneno," akamwambia. "Siwezi kusema sikuyasema. Nilikuwa nimechoka, lakini kuchoka si sababu. Nilikosea, na nimekuja kukuomba msamaha mbele ya Cucu wako."

Muthoni alimwangalia. Cucu anasema alishikilia mlango akiwaza mtoto atajibu nini, na kama atajibu. Muthoni hakusema amemsamehe. Alisema kitu kingine kabisa.

"Mwalimu, kifua chako kinalia. Ukipanda ngazi kinapiga filimbi. Hata ukiandika. Uende hospitali."

Maikrofoni ilikuwa imekaa kifuani pake muhula mzima na zaidi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameisikia pumzi yake kutoka karibu hivyo siku baada ya siku. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Yeye mwenyewe alidhani ni uzee na vumbi la chaki. Mwalimu Gichuhi alibaki amechuchumaa pale kwenye matope, na Cucu anasema alifuta uso kwa mkono wa koti, akainuka, akaomba maji ya kunywa.

Alikwenda hospitali. Ilikuwa pumu, ya siku nyingi, na wakampa ile pampu ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo. Muthoni hakurudi kuvaa mashine shuleni mara moja. Alikaa siku kadhaa, mashine zikiwa begini ndani ya leso, na mwalimu hakumsukuma. Kisha asubuhi moja alikwenda mbele, akachukua maikrofoni mezani, akampa mwalimu mkononi.

Mwalimu Gichuhi akawa mtu wetu bora zaidi. Yeye ndiye aliyegundua kitu ambacho sasa mnafundishwa kama kanuni: mwanafunzi mwingine akijibu, Muthoni hamsikii, kwa hivyo mwalimu arudie jibu lile kwenye maikrofoni, au ampe aliyejibu aishike. Watoto waligombania kujibu ili waishike. Na kila alipotoka darasani aliizima, akaivua, akaiacha mezani, akaigusa mara mbili kuhakikisha. Walimu wapya walimcheka. Yeye hakuwaeleza sababu.

Ningeweza kukomea hapo, na kwa miaka kadhaa nilipoisimulia kwenye semina nilikomea hapo. Watu walipiga makofi. Lakini mambo hayakuishia hapo.

Muthoni alifanya mtihani wa darasa la nane akapita vizuri, akapata nafasi katika shule nzuri ya wasichana. Mimi na Mwalimu Gichuhi tulikuwa tumeshaanza kupanga habari za maikrofoni, nani atazungumza na walimu wake wapya, nani atapeleka betri. Tulikwenda pamoja nyumbani kwa Cucu kumpongeza. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Nanyuki. Kukawa na chapati na kuku. Tulipomaliza kula, Muthoni akatuambia kwamba hataki kwenda shule ile. Anataka kwenda shule ya viziwi, ya bweni, akajifunze lugha ya ishara.

Nilimwangalia Mwalimu Gichuhi. Alikuwa ameweka kikombe chini. Najua alichokuwa anakisikia kichwani, kwa sababu mimi pia nilikisikia. Akamuuliza kama ni kwa sababu ya maneno yale.

"Hapana, mwalimu," Muthoni akasema. "Nimechoka kusikiliza. Ninyi mkisikia hamfanyi kazi. Mimi nafanya kazi siku nzima, hata na maikrofoni. Nikifika nyumbani kichwa kinauma. Nataka mahali ambapo mtu akisema utani ninacheka na wenzangu, si baada yao."

Niseme ukweli, iliniuma. Nilikuwa nimepanda vilima vya Tetu kwenda Giakanja na ule mkoba ili mtoto huyu abaki katika shule ya kawaida, asikie kama wengine. Nilikuwa nimemwonyesha kwa wageni. Nilianza kumbishia, nikamwambia faida za hii na hasara za ile. Mwalimu Gichuhi ndiye aliyenikatiza. Alisema, "Madam, ameshasema," na akamuuliza Muthoni shule inafunguliwa lini.

Yeye ndiye aliyempeleka, na sanduku begani, akipumzika njiani kuvuta dawa yake. Alirudi akaniambia kwamba alimwacha getini, na kabla hajageuka tayari kulikuwa na wasichana watatu wamemzunguka, mikono ikienda, na Muthoni anaiangalia ile mikono na kutabasamu kama siku ile ya kwanza ya maikrofoni.

Sasa nawaambia hili mnaoanza. Pendeni vifaa vyenu, vijueni kwa sauti, msivifungue kabla ya kuvisikiliza. Mimi bado nikiota naota nimechomeka mrija na nasikia darasa zima la Giakanja, mvua juu ya bati na sauti ya mtu mmoja katikati yake, wazi kabisa. Nakumbuka harufu ya chaki na mchele mkavu kwenye mkebe. Zilikuwa siku nzuri. Lakini kifaa ni cha mtoto, na atakayesema kinamfaa wapi na hakimfai wapi ni mtoto, hata kama jibu lake litaharibu hotuba yako ya semina.

Mwalimu Gichuhi alistaafu kabla yangu. Yuko shambani kwake na anajitahidi, pampu yake haiachi. Muthoni ni fundi cherehani mjini, ana duka na mwenzake. Ana mashine mpya za masikio, ndogo sana. Dukani huzivua, kwa sababu vyerehani vina kelele na hana haja nazo. Akija mteja asiyejua ishara, anazivaa.

Mwaka uliopita nilipita karibu na uwanja wa Ruring'u, kulikuwa na michezo ya viziwi. Nilimwona kwa mbali akiwa na wenzake kwenye majukwaa. Alikuwa anasimulia kitu kwa mikono, haraka mno, na wote wakaangua kicheko kwa pamoja, yeye katikati. Nilisimama nikamtazama. Nilipanga niende zangu nisimsumbue, lakini akageuka akaniona. Akachukua mashine mfukoni, akazivaa, akaja kunikumbatia. Akanishika mkono akanipeleka kwa wenzake, akaanza kuwaeleza mimi ni nani. Maelezo yaliendelea kwa muda. Wakanitazama, mmoja akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Mimi sijui ishara zaidi ya salamu, na hiyo ni aibu yangu. Nikamuuliza Muthoni amewaambia nini, nikitarajia habari ya mashine.

"Nimewaambia mashine ilikuwa nzima," akasema, "na bado ulikuja nyumbani kuniuliza."